Jibu: Dume la porini linaingia kwa bata mzinga wangu (Pennsylvania)

Ndugu, umeuliza kama umwache huyo dume wa bata mzinga wa porini apande majike wako wa Bourbon Red (aina ya bata mzinga wa kufugwa). Kuzaa watazaa: wa porini na wa kufugwa ni spishi moja, na mayai huanguliwa kwa siku 28 kama kawaida. Ila vifaranga huwa na woga, huruka mno, na majike wengine humfuata dume msituni wasirudi. Jike pia hutunza mbegu mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kumfukuza dume leo hakuzuii mayai ya wiki ijayo kuwa chotara.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni magonjwa. Wa porini wanaweza kuleta mafua ya ndege, mycoplasma (bakteria wa njia ya hewa) na histomonasi (kimelea kinachoshambulia utumbo na ini). Kimelea hiki cha mwisho husafiri ndani ya mayai ya minyoo ya utumbo, yanayokaa ardhini kwa miaka. Ukiona kinyesi cha manjano kama kiberiti na ndege amejikunyata mabawa yakining'inia, mtenge saa hiyo hiyo. Marekani haina dawa iliyoidhinishwa kutibu ugonjwa huo. Na kama una kuku, usiwachanganye nao. Mara nyingi kuku huubeba bila kuumwa.

Uzio wa mita 1.2 huyo dume anauruka bila shida. Funika banda kwa wavu juu, walishie ndani, na jioni ondoa chakula na ufagie punje zilizomwagika, maana ndizo zinazomwita. Majira ya kuchipua, Machi hadi Mei, majike wasitoke kabisa. Usimkamate wala kumfungia: ni mnyamapori, sheria ya jimbo inamlinda.