Mwanamke wa Ukraine aliyemshinda Marion Jones

Ndugu, uliyeuliza nani alimshinda Marion Jones, mkimbiaji wa mbio fupi wa Marekani, enzi zile hakamatiki: ni Zhanna Pintusevich, baadaye Pintusevich-Block, mzaliwa wa Nizhyn, Ukraine.

Kisa chao kilianzia Athens 1997, kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Fainali ya mita 100 ilipoisha, Zhanna alianza kushangilia akijua dhahabu ni yake, kumbe Jones alikuwa mbele: sekunde 10.83 kwa 10.85. Aibu ya mwaka! Ila siku chache baadaye Zhanna akachukua dhahabu ya mita 200 kwa 22.32.

Kisasi alilipa Edmonton, Kanada, kwenye mashindano ya dunia ya Agosti 2001. Alimtangulia Jones nusu fainali, na kwenye fainali akakimbia 10.82, muda bora wa maisha yake. Jones alikuwa hajapoteza fainali ya mita 100 tangu 1997, kwa hiyo hiyo haikuwa bahati nasibu.

Upande mchungu: mwaka 2011 Zhanna alifungiwa miaka miwili kwa sakata la BALCO, maabara ya Marekani iliyowapa wanariadha dawa zilizokatazwa, na matokeo yake ya kuanzia mwisho wa Novemba 2002 yakafutwa. Dhahabu hizo mbili za Athens na Edmonton zilibaki, maana ni za kabla ya hapo. Jones naye akapokonywa medali ya fedha ya Edmonton.