Mtoto abaki mikononi mwa mzazi wake

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza ni msaada gani hasa ambao mhudumu wa afya wa jamii anayejitolea anaweza kumpa mzazi wa mtoto mdogo. Naamini wengi watajibu kwa kutaja elimu: chanjo, maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kunawa mikono. Sina ugomvi na hayo. Ila kwangu msaada mkubwa kuliko wote ni kumwezesha mzazi ajiamini kwamba malezi anayaweza, na hilo haliji kwa kuhubiriwa. Linakuja mhudumu akikaa chini, akatulia, na mtoto akabaki mikononi mwa mzazi wake.

Nasema hivi nikiwa mzazi, na pia kwa kuwa nimetembelea kaya kwa kujitolea. Mhudumu akifika, humwia rahisi sana kumpokea mtoto na kuanza kuonyesha ujuzi wake. Mtoto anamchekea mgeni, mama anatazama kando. Mgeni akiaga, mchezo nao umeondoka. Mafunzo ya malezi na makuzi ya mtoto yaliyoandaliwa na UNICEF pamoja na Shirika la Afya Duniani yanaelekeza vingine kabisa: mhudumu aangalie kwanza mzazi na mwanawe wanavyoongea, aulize, asifu kile anachokiona kinakwenda vizuri, kisha wajaribu jambo moja jipya, na anayelifanya ni mzazi. Linaweza kuwa kuitikia sauti za kichanga na kumngoja naye aitikie, au kumpa mtoto aliyekwisha kukaa kopo na kifuniko agundue vinavyofungana. Sifa hiyo lazima iwe ya kweli na itaje jambo lenyewe. Mama akiambiwa "umeona alivyonyamaza uliposema naye?" anajua ni nini cha kurudia kesho.

Utaratibu huu una historia. Mjini Kingston, Jamaica, katika miaka ya 1980, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walifuatilia watoto 129 waliodumaa, yaani wafupi mno kwa umri wao. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa jamii kila wiki, kama saa moja kila mara, kwa miaka miwili. Mhudumu alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya kawaida, akacheza na mama na mtoto pamoja, kisha akaviacha pale mpaka wiki iliyofuata. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa na kipato kinachozidi kwa karibu robo kile cha wenzao waliodumaa ambao hawakupata huduma hiyo. Watoto walikuwa wachache, na sipendi mtu achukue utafiti mmoja aufanye ahadi kwa kila mzazi. Ninachokithamini zaidi pale ni mwendo wenyewe wa kazi: uso uleule unaofahamika, kila wiki, bila haraka.

Maana bila muda, mama hasemi kinachomsumbua. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kujifungua inaweza kujificha nyuma ya "tuko salama tu". Nchini Pakistan, wahudumu wanawake wa vijijini, ambao si wataalamu wa afya ya akili, walifundishwa kuzungumza na akina mama wenye sonona kwa mpangilio maalumu wakati wa ziara zao za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya mama hao walikuwa bado na sonona, dhidi ya asilimia 53 katika kundi la kulinganisha. Kila nikizitazama tarakimu hizo nasikitika kwamba daftari la ziara linaweza kuwa na nafasi ya uzito wa mtoto na lisiwe na hata mstari mmoja wa hali ya mama. (Ya baba nayo iulizwe. Akiwepo nyumbani, naye apewe mtoto acheze naye.)

Kuna mahali ambapo mazungumzo lazima yakatike. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea asiamke vizuri, apelekwe kituo cha afya mara moja. Lakini hata dalili za hatari mzazi azijue mwenyewe, kwa sababu usiku mhudumu hayupo. Nchini Niger akina mama walifundishwa kutumia ule mkanda wa rangi wa kupima mzunguko wa mkono wa mtoto. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Waliweza, na watoto wao walifikishwa kwenye matibabu mapema zaidi, wachache zaidi wakihitaji kulazwa.

Sasa niseme linaloniuma. Hatuwezi kudai ziara za namna hii kwa mtu tuliyempa kaya nyingi kupita uwezo wake, rundo la fomu, na shukrani badala ya malipo. Akifanya haraka, akasoma ujumbe wake mlangoni na kupita, ni sisi tuliompangia hivyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilipendekeza wahudumu hawa walipwe kulingana na ugumu wa kazi, saa zao na mafunzo yao. Basi walipwe. Kaya zenye watoto wachanga zitembelewe kwanza, na idadi ya kaya ipunguzwe hadi pale mhudumu anapoweza kukaa. Msimamizi naye aache kuhesabu milango iliyobishwa. Afuatane na mhudumu hadi nyumba moja, aketi pembeni, aone ni nani anayecheza na mtoto. Fomu atazisoma baadaye.