Piga kofi kwanza, hesabu baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya safu za maiki, yaani maiki kadhaa zinazounganishwa ili kuchagua sauti ya upande mmoja, mimi wiki yangu ya kwanza ilikwenda na waya mbili. Nilikuwa na maiki nane kwenye rula ya mbao, zimepishana sentimita 4. Msemaji mbele, redio pembeni. Nataka msemaji tu. Nikapata redio safi kabisa, msemaji kazimika. Nikabadilisha fomula, nikaibadilisha tena. Kumbe waya za maiki ya tatu na ya nne zimechomekwa kinyume.

Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde. Ukirekodi sampuli (vipimo vya sauti) 16,000 kwa sekunde, kati ya sampuli na sampuli sauti husogea sentimita 2 na ushee. Siku hizi nasimama ncha moja ya rula, napiga kofi, natazama kwenye skrini: mlio ufike maiki moja hadi ya nane kwa zamu, kila moja ikichelewa karibu sampuli mbili. Ikirukwa zamu, nashika waya, sigusi fomula.

Vitabu huanza na toni moja, ambayo unailinganisha kwa kuzungusha fezi tu, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake. Sauti ya mtu ina hezi 200 na hezi 4,000 kwa pamoja, na mzunguko unaoifaa moja huiharibu nyingine. Kwa hiyo ama uikate vipande vya masafa, kila kipande na uzito wake (namba ya kuzidishia kila maiki), ama kila maiki uipe kichujio chake, kama alivyofanya mtafiti Frost mwaka 1972. Na usidai miujiza: kwenye hezi 300 wimbi lina urefu wa zaidi ya mita moja, rula yangu sentimita 28. Huko chini haichagui upande. Juu ya hezi 4,300 hivi, nako huanza kuchanganya pande.

Mfumo unaojirekebisha, yaani unaopanga uzito hizo wenyewe kulingana na inachosikia, ni kama mbwa mlinzi: uliyemtambulisha humwacha, wengine wote anang'ata. Kosea mwelekeo kwa digrii chache, mwenye nyumba naye anageuka mwizi. Ndivyo alivyozimika msemaji wangu. Mimi humfunga kamba mara mbili: namfundisha kelele wakati msemaji amenyamaza, halafu naongeza namba ndogo kwenye ulalo (mstari wa mshazari) wa matriksi, yaani jedwali la namba za kelele hiyo, kabla ya kutafuta kinyume chake cha kihesabu. Redio inabaki ikisikika kidogo kwa mbali. Naiacha.