Barua kwa mwanangu anayetafuta nafasi ya fildi

Moshi, Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma wote, pamoja na yale malalamiko ya mwisho kuhusu wali wa hosteli; hayo tutayazungumza ukija. Ulichouliza hasa ni hiki: umetuma maombi ya fildi ya uhasibu, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye benki kubwa za hapo Dar, hakuna aliyejibu, wenzako wanasema bila koneksheni hupati kitu, na unataka nimpigie anko wako wa benki akuombee. Au uendelee kusubiri?

Usisubiri. Anko nitampigia, ila nitamwuliza mambo matatu tu: maombi yanaandikwa kwa nani, yanafungwa lini, na kama tawi lake huwapa wanafunzi kazi ya hesabu au huwaweka mlangoni kuelekeza foleni. Hayo mtu yeyote anaweza kuuliza na akajibiwa. Kumwambia akubebe sitamwambia. Naye ana bosi wake, na siku ukikosea kitu jina litakalotajwa ni lake.

Sasa nikwambie yale ninayoyajua kwa kukaa upande wa pili wa meza. Tangu nikiwa halmashauri mpaka sasa niko shuleni, barua za wanafunzi wanaotafuta fildi zimekuwa zikipita mikononi mwangu kila mwaka. Zinazokataliwa ni chache kuliko mnavyodhani. Nyingi hupotelea njiani kwa sababu mwenyewe hakujua barua ikishafika inakwenda wapi.

Chukua halmashauri. Barua unamwandikia Mkurugenzi Mtendaji, siyo mhasibu, hata kama mhasibu unamfahamu. Unaifikisha masjala, ofisi inayopokea na kutunza barua. Pale inagongwa mhuri wa kupokelewa, inaingizwa kwenye jalada, inapanda kwa Mkurugenzi, anaandika maelekezo yake pembeni, inashuka kwa Afisa Utumishi, ndipo inamfikia Mweka Hazina aulizwe kama ana nafasi. Kila hatua barua inaweza kulala. Kwa hiyo nenda na nakala mbili, moja waibakize, ya pili wakugongee mhuri urudi nayo, na uombe namba ya jalada. Baada ya kama wiki mbili unarudi masjala na ile nakala: "Shikamoo, naomba kujua barua hii imefikia wapi." Watu wa masjala wanajua kila karatasi ilipo. Mwanafunzi anayekuja na namba ya jalada anahudumiwa haraka; anayekuja na "nilituma barua pepe" anaambiwa aendelee kusubiri. TRA, mamlaka ya mapato, ni vivyo hivyo, ila pale unamwandikia Meneja wa Mkoa.

Na kuna suala la siku. Hili chuoni hawawafundishi, nami sielewi kwa nini, maana ninyi ndio mnaosoma kodi. Ofisi ya uhasibu ina mwezi wake. Tarehe 7 ni mwisho wa kupeleka kodi ya mishahara, PAYE, pamoja na SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi. Tarehe 20 ni ritani, yaani taarifa ya kodi, ya VAT. Kuanzia tarehe 24 hivi watu wako kwenye mishahara, na siku za mwanzo za mwezi wanafunga hesabu za mwezi uliopita. Ukipiga simu tarehe 6 au 19 utajibiwa kwa mkato, na wala si chuki. Nenda kati ya tarehe 9 na 16, asubuhi, baada ya chai. Mhasibu wa siku hizo ni binadamu.

Mwaka nao uko hivyo hivyo. Kampuni nyingi binafsi hufunga mwaka wa hesabu 31 Desemba, na ritani ya mwisho ya kodi ya mapato inatakiwa ndani ya miezi sita, yaani hadi 30 Juni, ikiwa na hesabu zilizothibitishwa na mkaguzi. Ofisi za ukaguzi Juni hawalali. Serikali inafunga mwaka 30 Juni, kwa hiyo ninyi mnaoanza fildi Julai mnakuta halmashauri na taasisi za umma ndiyo kwanza zinaandaa hesabu za mwaka ili zimfikie CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Wakati huo mwanafunzi ana thamani kweli: hati za malipo za mwaka mzima zinatakiwa zipangwe kwa namba, zikaguliwe kama kila moja ina risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ankara, hati ya kupokelea mali na sahihi zote. Kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, hutaingia; nywila yake hapewi mwanafunzi. Lakini kwenye makabati ya hati ndiko utakakojifunza namna malipo yanavyozaliwa, na namna yanavyoharibika.

Sasa kuhusu benki. Najua inavyopendeza kuning'iniza kitambulisho cha benki shingoni, na picha inakaa vizuri WhatsApp. Lakini hesabu za benki kubwa zinafanyika makao makuu, na taarifa za wateja zinalindwa kisheria. Kwenye tawi mwanafunzi hagusi mengi. Binti wa jirani yetu alimaliza fildi yake kwenye tawi la benki moja akijaza fomu za kufungulia akaunti, na msimamizi wa chuo alipokuja akakuta kitabu cha kumbukumbu kimeandikwa sentensi ileile kila siku. Kama unataka benki kwa sababu unapenda mikopo na uchambuzi wa wateja, sawa, andika hivyo kwenye barua na uombe kitengo cha mikopo kwa jina. Kama unaitaka kwa sababu ni benki, tafuta pengine.

Pengine ni wapi? Kwanza, ofisi ndogo za ukaguzi. Wewe umewataja wale wakubwa, PwC, KPMG, Deloitte na EY, na maombi yao utayapeleka kupitia tovuti zao, sikuzuii. Lakini fungua tovuti ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, uangalie orodha ya kampuni za ukaguzi zilizosajiliwa. Ziko nyingi ambazo hujawahi kuzisikia, ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, mkaguzi mmoja au wawili na vijana wachache. Hizo zina uhaba wa mikono. Watakupa kulinganisha hati na leja, watakutuma ukahesabu mali kwenye ghala la mteja, utaandika karatasi za ukaguzi na mkubwa atazichora kwa kalamu nyekundu. Pili, ofisi za washauri wa kodi waliosajiliwa na TRA. Huko utajua ritani kwa vidole. Tatu, kampuni za kati: wasambazaji, wasafirishaji, hoteli, shule, hospitali za mashirika ya dini. Nyingi zinatumia programu za hesabu kama Tally au QuickBooks, na mhasibu yuko peke yake au na msaidizi mmoja. Ukimkuta anayejua kazi yake, wiki nane zitakufikisha mbali.

Na usisahau ushirika. Huku kwetu unajua mwenyewe, kahawa inaanza kupamba moto katikati ya mwaka, AMCOS, vyama vya ushirika vya mazao, zinapokea mazao na kuwalipa wakulima, na SACCOS, vyama vya akiba na mikopo, zina mikopo na marejesho. Hesabu zao hukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, kwa hiyo vitabu vinatakiwa viwe safi. Vijana wa mjini wanazidharau. Mimi ningekuwa wewe ningeandika AMCOS mbili na SACCOS moja leo hii, tena ukifanyia huku unalala kwako na kula kwako. Fildi nyingi hazilipi, wengine hawatoi hata nauli. Wewe una mkopo wa Bodi ya Mikopo, kaulize ofisi ya mikopo chuoni fedha za mafunzo kwa vitendo zinaingia lini kabla hujapanga chumba Mbezi. Mara nyingi fildi inaanza na hela bado iko njiani.

Barua yenyewe. Ile uliyonitumia inaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", halafu aya nzima kuhusu ndoto zako za tangu utotoni. Ondoa. Mtu anayesoma anataka kujua wewe ni nani, unataka lini mpaka lini, unaweza kufanya nini, na nani anakutambua. Kitu kama hiki:

"Yah: Maombi ya nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu. Naomba nafasi katika idara ya fedha kuanzia tarehe 13 Julai hadi 4 Septemba. Nimesoma uhasibu wa fedha, kodi na misingi ya ukaguzi. Naweza kuandaa usuluhisho wa hesabu za benki kwa Excel, kupanga na kuhakiki hati za malipo, na kuingiza miamala kwenye daftari la fedha. Naambatanisha barua ya utambulisho ya chuo, matokeo ya mihula mitatu na CV."

Imetosha, ukurasa mmoja hauishi. Chini weka namba ya simu inayopatikana. Barua ya utambulisho kaichukue kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo sasa hivi, Mei atakuwa na foleni mpaka nje. Ukituma kwa barua pepe, unganisha kila kitu kwenye faili moja la PDF lenye jina lako. Nimeshaletewa picha tano za simu, moja ikiwa na kidole. Na kila ofisi iandikie yenyewe. Kuna kijana alituandikia sisi shule akisema ana shauku kubwa ya kufanya kazi kwenye bandari yetu.

Hapo nilipoandika "naweza kuandaa usuluhisho wa benki", utaniuliza, mama, mbona nimefanya kwenye mtihani tu? Basi lifanye kweli jambo hilo la kulinganisha daftari na taarifa ya benki. Mama yako mdogo ni mweka hazina wa kikoba chao, na vitabu vyake unavijua vilivyo. Mwombe daftari na taarifa ya miamala ya simu ya kikundi ya miezi sita. Tengeneza daftari la fedha kwenye Excel, linganisha muamala kwa muamala, toa orodha ya ambayo haikubaliani: makato yasiyoandikwa, rejesho lililoandikwa na halikuingia, aliyelipa mara mbili. Futa majina, weka namba za wanachama. Ukiitwa usaili na ukaulizwa unajua nini, utafungua laptopu na kuwaonyesha. Mimi binafsi, kati ya mwenye wastani wa juu na aliyeniletea usuluhisho wa kikoba unaofunga, namchukua wa pili bila kuuliza anatoka chuo gani.

Utakutana na matangazo kwenye makundi ya WhatsApp, "nafasi 50 za fildi na intaneshipu, tuma elfu kumi ya fomu". Achana nayo. Zipo taasisi za umma zinazotoza ada kwa wanafunzi wa mafunzo, lakini hizo hukupa namba ya malipo ya serikali, na fedha haziendi kwenye simu ya mtu. Ukiona jina la mtu binafsi linatokea unapotaka kulipa, futa.

Umeuliza pia kuhusu TaESA, wakala wa huduma za ajira. Hiyo bado mapema. Programu yao ya mafunzo tarajali ni ya wahitimu, utajisajili ukishamaliza mwaka wa tatu. Fildi ni sehemu ya masomo yako na ina alama. Ila kumbukumbu za kazi anza kuzitunza sasa, kwa sababu NBAA nao wanataka uzoefu wa kazi kabla ya kukusajili kuwa CPA, mhasibu aliyeidhinishwa; kufaulu mitihani peke yake hakutoshi.

Fanya hivi basi. Andika orodha ya ofisi kumi na mbili: benki mbili unazozitaka, kampuni mbili kubwa za ukaguzi, zilizobaki zote ndogo na za kati, nusu Dar na nusu huku. Za huku nitumie nakala zilizochapwa kwa basi, nitazipeleka masjala mwenyewe Jumatatu nikienda mjini na nitakurudishia zilizogongwa mhuri. Kuzifuatilia utakuja kuzifuatilia wewe, Pasaka. Wakuone sura.

Baba yako anakusalimu, anauliza kama lile koti la mvua ulilifikisha salama au umelisahau kwenye basi.

Mama yako