Mabinti Watatu wa Huntingdon: Maswali Yenu Kuhusu Nasaba ya Akina Bruce

Safari hii maswali yote ni ya ukoo mmoja: akina Bruce wa Uskoti, waliopata ufalme mwaka 1306 na kuupoteza kwa kukosa mtoto mwaka 1371.

SWALI: Nachora nasaba ya akina Bruce kwa ajili ya klabu yetu ya historia. Kila ninapogeuka nakutana na Robert Bruce, na vitabu havikubaliani namba zao. Niwatenganisheje? – Msomaji, Mbale

JIBU: Achana na namba, washike wake zao. Namba zinagongana kwa sababu kuna wanaohesabu mabwana wa Annandale, ardhi ambayo Mfalme David I alimpa Robert wa kwanza karibu na mwaka 1124, na kuna wanaohesabu akina Robert peke yao. Bwana wa tatu aliitwa William. Kuanzia hapo hesabu hizo mbili haziwezi tena kwenda pamoja.

Ukitumia ndoa, mambo yananyooka. Robert aliyemwoa Isabella wa Huntingdon ni bwana wa nne. Mwanawe alimwoa Isabella de Clare, akafa 1295. Huyu ndiye mzee aliyegombea taji. Mjukuu alimwoa Marjorie, mrithi wa Carrick, akafa 1304. Kitukuu, aliyezaliwa tarehe 11 Julai 1274, ndiye mfalme, Robert I; alimwoa kwanza Isabella wa Mar, kisha Elizabeth de Burgh, akafa 1329. Umeona mtego? Ndani ya vizazi vinne wameolewa akina Isabella watatu. Kwa hiyo usiandike kamwe "Isabella" bila kwao alikotoka. Wachoraji wengi huharibu kazi hapo: wanamfanya mke wa baba kuwa mke wa mwana, na kizazi kizima kinatoweka.

Kwa mchoro wenyewe, simamisha karatasi ya manila na upige mistari tisa kwa penseli, kila mmoja sentimita 6 chini ya mwenzake. Wa juu ni wa David I. Wa chini kabisa ni wa Robert II. Watu wa kizazi kimoja wakae mstari mmoja hata kama umri wao umepishana miaka 20. Kifungua mimba akae kushoto. Andika mwaka wa kufa kabla ya mwaka wa kuzaliwa, maana kifo cha bwana kilihamisha ardhi na kwa hiyo kiliandikwa, lakini kuzaliwa kwake mara nyingi hakukuandikwa na mtu.

SWALI: Mwaka 1292 taji lilipewa John Balliol, wakati Bruce mzee alikuwa karibu zaidi kwa damu. Hukumu ile ilikuwa ya haki, au Mfalme Edward I wa Uingereza, aliyekuwa mwamuzi, alijichagulia mtu dhaifu? – Msomaji, Kampala

JIBU: Kwa mujibu wa nasaba, hukumu ilikuwa sahihi. Aliyoyafanya Edward baadaye ni kesi nyingine.

Fuata mstari. David I alikuwa na mwana, Henry, aliyekufa 1152 kabla ya baba yake. Henry aliacha wana watatu: Malcolm, aliyetawala na kufa bila mtoto, William, aliyetawala hadi 1214, na David wa Huntingdon, aliyekufa 1219. Tawi la William lilikwisha ghafla. Mjukuu wake, Alexander III, alifia Kinghorn kwenye ajali ya farasi tarehe 19 Machi 1286, watoto wake wote wakiwa wametangulia. Alibaki mjukuu mmoja wa kike, Margaret wa Norwei, naye akafa huko Orkney mwaka 1290 akiwa mtoto mdogo. Hapo ikabidi kurudi nyuma hadi kwa David wa Huntingdon, na warithi wake walitokana na mabinti watatu: Margaret, Isabella na Ada, kwa mpangilio huo wa umri.

Margaret alimzaa Dervorguilla, na Dervorguilla akamzaa John Balliol. Isabella alimzaa Bruce mzee. Hesabu hatua kutoka kwa David: Bruce ni mjukuu, hatua mbili, Balliol ni kitukuu, hatua tatu. Kwa istilahi zetu jambo linaonekana wazi kuliko katika vitabu vya Kizungu. Margaret alikuwa mama mkubwa wa Bruce, Dervorguilla alikuwa dada yake, na John Balliol alikuwa mpwa wake. Mjomba na mpwa walikuwa wanagombea kiti kimoja. Mjomba, mzee wa karibu miaka 80, alisema aliye karibu na shina ndiye mrithi. Mpwa alisema tawi la binti mkubwa halipitwi mpaka liishe.

Wasikilizaji wa kesi hiyo walikuwa 104: Bruce aliteua 40, Balliol 40, na Edward 24. Tarehe 17 Novemba 1292, mjini Berwick, ushindi ulikwenda kwa tawi la mkubwa. Kanuni hiyo ndiyo iliyokwisha kuzoeleka kwa ardhi za mabwana.

Sasa tazama tarehe moja ambayo wengi huipita. Dervorguilla alikufa Januari 1290, miezi minane tu kabla ya yule mtoto wa Norwei. Angeishi mwaka mmoja zaidi, angesimama mwenyewe mbele ya Bruce: hatua mbili kwa mbili, tena akitoka kwa binti mkubwa. Hoja ya ukaribu ingekufa, na Bruce angebaki na moja tu, kwamba yeye ni mwanamume. Ndiyo maana ninasisitiza miaka ya vifo iandikwe.

SWALI: Kwetu Buganda mtoto hufuata ukoo na muziro (mwiko wa ukoo) wa baba, na mwana wa kwanza wa Kabaka, mfalme wetu, aitwaye Kiweewa, kwa desturi harithi kiti. Waskoti waliwezaje kupitisha ufalme kwa wanawake? – Msomaji, Masaka

JIBU: Kwao ukoo wa jina na urithi wa ardhi vilikuwa njia mbili tofauti. Mtoto wa Isabella aliitwa Bruce kama baba yake, lakini haki ya taji ilimjia kwa mama. Mwenye wana alirithiwa na mkubwa wao. Asiye na wana alirithiwa na mabinti wote, na ardhi ikagawanywa sawasawa. Ndipo John Hastings, mjukuu wa Ada, akasema: basi ufalme nao ugawanywe mafungu matatu. Bruce alipoona anashindwa, naye aliiunga mkono hoja hiyo, akidai theluthi yake. Jibu la mahakama lilikuwa kwamba ufalme haugawanyiki, na kwangu hiyo ndiyo sehemu nzito zaidi ya hukumu yote.

SWALI: Kwenye mchoro wangu mpwa amezaliwa miaka minane kabla ya mjomba wake. Nimekosea wapi? – Msomaji, Arua

JIBU: Hukukosea. Robert I alimzaa Marjorie kwa Isabella wa Mar, na baadaye sana akamzaa David II kwa Elizabeth de Burgh. Marjorie aliolewa 1315 na Walter Stewart. Mwana wao Robert, ndiye Robert II wa baadaye, alizaliwa 1316, na David alizaliwa 1324. David alipokufa 1371 bila mtoto, taji likashuka kwa mpwa aliyekuwa na miaka 54. Chora mistari miwili tofauti kutoka kwa baba, mmoja kwa kila mke. Stewart lilikuwa jina la kazi, msimamizi wa nyumba ya mfalme, na likageuka kuwa jina la ukoo. Ni kama watoto wa Katikkiro, waziri mkuu wa Buganda, wangeanza kuitwa akina Katikkiro.

SWALI: John Comyn, bwana mkubwa wa Uskoti, aliuawa na Robert Bruce, aliyekuja kuwa Robert I, mwaka 1305 au 1306? – Msomaji, Jinja

JIBU: Tarehe 10 Februari 1306, kanisani Dumfries. Mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, na Uskoti haikuhamia Januari 1 hadi mwaka 1600. Kwa hiyo tukio lolote la kati ya Januari 1 na Machi 24 ongeza mwaka mmoja kwenye maandishi ya kale, na kwenye mchoro andika 1305/6 ili msomaji ajue umeshasahihisha. Kosa la pili hutokana na hati kuandikwa kwa miaka ya utawala wa mfalme. Mwaka wa 20 wa Edward I ulianza Novemba 20, 1291, ukaisha Novemba 19, 1292. Hukumu ya Berwick imeangukia siku mbili kabla ya kufungwa kwake. Na mchore Comyn upande wa akina Balliol: mama yake, Eleanor, alikuwa dada wa Mfalme John Balliol, kwa hiyo Bruce alimuua mpwa wa mpinzani wa babu yake.

SWALI: Watoto wa Robert II kwa Elizabeth Mure walikuwa halali? – Msomaji, Entebbe

JIBU: Walihalalishwa. Robert na Elizabeth walikuwa ndugu wa karibu mno kwa sheria ya Kanisa, ambayo tangu 1215 ilikataza ndoa hadi daraja la nne. Kuhesabu ni rahisi: anza na babu au bibi wa kale mnayeshirikiana, yeye mwenyewe usimhesabu, kisha shuka kizazi kwa kizazi; pande zikitofautiana, chukua upande ulio mrefu. Ruhusa ya Papa ilitoka 1347, baada ya watoto kadhaa kuzaliwa. Kisha Robert akamwoa Euphemia wa Ross mwaka 1355, na uzao wa mke huyo wa pili ukabaki na hoja kwamba wao ndio halali tangu kuzaliwa. Bunge la 1373 liliwataja wana wa mfalme mmoja mmoja, wa Elizabeth mbele. Kwenye mchoro weka alama ya mwaka 1347 kando ya ndoa ya kwanza. Kumbuka pia kwamba kifungua mimba wao, John, alipotawala mwaka 1390 alibadili jina akaitwa Robert III. Ukimtafuta "Robert" katika hati za kabla ya hapo humpati.