Gari la zamani: tairodi na boljointi zibadilishwe lini?

Mkuu, unasema usukani unacheza na fundi ameshauri ubadilishe stelingi raki nzima (chuma kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi) kwa kuwa gari lina umri. Usitoe hela kabla hujajua ni kipi hasa kinachocheza. Natunza gari la zamani kwa miaka mingi, na sijawahi kubadilisha spea za usukani kwa kuhesabu kilomita. Naangalia mchezo, yaani kulegea kwa spea.

Gari likiwa chini, mwenzako atikise usukani kidogo kidogo kushoto na kulia huku wewe umeweka vidole kwenye tairodi endi, kile kiungo cha mwisho cha fimbo (tairodi) inayogeuza tairi. Iliyochoka utaihisi ikigonga: fimbo inasogea, tairi linachelewa. Kama imetulia, minya ile raba yenye mikunjo kwenye raki usikilizie raki endi iliyo ndani, yaani kiungo cha fimbo hiyo upande wa raki. Halafu piga jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Mchezo wa hapo mara nyingi ni boljointi (kiungo kinachounganisha tairi na amu, ule mkono wa chuma ulioshika tairi) au beringi ya tairi. Mtu akikanyaga breki ukaisha, shuku beringi.

Boljointi ikicheza, gari naliegesha mpaka ibadilishwe. Ikichomoka barabarani tairi linalala na huna tena usukani. Tairodi endi nayo ni hivyohivyo, ikiachia tairi linaelekea linakotaka. Hivi viwili havisubiri mwisho wa mwezi, tafadhali sana. Bushi (raba) za amu zilizoanza kuchanika zinaweza kusubiri kidogo ukizifuatilia, ingawa zitakulia tairi.

Raba inayofunika jointi (boljointi au tairodi endi) ikipasuka ndiyo watu wanaidharau. Grisi inatoka, maji na mchanga vinaingia, na jointi iliyokuwa nzima inaanza kujisaga. Ukiiwahi grisi ikiwa bado safi, raba peke yake inatosha. Ukikuta grisi imegeuka tope, nunua jointi.

Raki yenyewe naifikiria pale raba zake zinapojaa oili ya pawa stelingi, maana sili za ndani zimekufa, au mchezo unapobaki baada ya jointi zote kukaguliwa.

Ukibadilisha tairodi endi, hesabu mizunguko wakati wa kuifungua ili mpya ikae karibu na ilipokuwa ya zamani, kisha nenda alaimenti (kupima na kunyoosha tairi) hata kama gari linanyooka. Weka pini mpya ya kuzuia nati isifunguke. Tundu la pini lisipolingana na nati, kaza mbele kidogo mpaka lilingane, usirudishe nyuma.