Kabonde ka mlimani kasikopimwa maji: nilivyochemka na kalvati yangu ya kwanza

Mkuu, umeuliza fomula ipi moja ikupe mafuriko ya kabonde ka mlimani ka kilomita za mraba 4 ambako hakuna aliyewahi kupima maji. Moja haitoshi aisee, hilo nimelijua kwa kuaibika.

Kalvati yangu ya kwanza (daraja dogo la mabomba chini ya barabara) ilikuwa kwenye bonde la saizi hiyohiyo. Nikachukua Q = 0.278CiA (Q ni maji yanayopita kwa sekunde, C ni sehemu ya mvua inayotiririka, i ukali wa mvua, A eneo la bonde), C nikaweka 0.4, mvua milimita 60 kwa saa, ikaja mita za ujazo 27 kwa sekunde, nikazima kompyuta nikalala. Msimu wa pili maji yakapita juu ya barabara.

Nikarudi na futi kamba kufuata alama za mafuriko, zile takataka na matope yaliyoganda kwenye miti ya kando. Eneo la maji ukikata mkondo likaja mita za mraba 12, R (eneo hilo ukigawa kwa urefu wa kingo na sakafu inayoguswa na maji) mita 0.9, mteremko pale S 0.05. Kwenye fomula ya Manning, ya kukadiria kasi ya maji mtoni, nikaweka n (namba ya ukwaruzo wa mkondo) 0.04 ya vitabuni, nikapata mita za ujazo 62 kwa sekunde! Jasho likanitoka. Mzee mmoja wa fani akaniuliza, kijana, hayo maji yako yanakimbia mita 5 kwa sekunde juu ya mawe yale? Kumbe kwenye mteremko mkali maji yanapoteza nguvu nyingi kwa kugongana na mawe, n inapanda sana. Jarrett, mtafiti wa mito ya milimani, alishatoa fomula yake ya n 1984, n = 0.32 × S^0.38 × R^-0.16, kwangu ikaleta kama 0.10 na Q ikashuka mpaka 24.

Yaani maji yalikuwa pungufu ya niliyodizainia! Kilichoniua ni magogo na mawe kuziba mdomo wa kalvati, mimi nilipanga mabomba matatu membamba, siku hizi naweka uwazi mmoja mpana basi.

Ila 27 yangu nayo ilikuwa mbovu. Mkondo ni mita 3000 unashuka mita 600, fomula ya Kirpich, ya muda wa maji kusafiri, inakupa dakika 17 tu maji ya mbali kabisa kufika, so mvua ya kutumia ni ya dakika 17 na sio ya saa nzima, na ukali wake unaweza kuwa mara mbili, hapo unaongelea 50 na ushee. (Kirpich mwenyewe 1940 alitumia data za vibonde vidogo vya mashamba Tennessee, kwa hiyo na hiyo usiimeze nzima.) Na ile 24 ni furiko la msimu mmoja tu, sio la miaka 50, yaani kubwa linalotarajiwa kwa wastani mara moja kila miaka 50.

Tupia hapa urefu wa mkondo, unashuka mita ngapi, na picha ya mawe yenyewe, tuipige pamoja.